UZI: Lapi ya mtumba inaganda kila nikifungua programu ya video, na dukani ilikuwa sawa tu

mwana_wa_mkunguni
Assalam aleikum wakuu, na wengine wote hamjambo. Niko Amu (mji wa Lamu) huku, kazi yangu ni video, harusi zaidi (upande wa wanaume, nikaha na kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, kwa wanawake kamera haingii) na mara moja moja vivideo vya wenye madau wanaotembeza wageni. Nimenunua lapi ya mtumba Malindi kwa duka moja, duka sitalitaja na brandi pia sitaitaja, sitaki maneno na mtu kabla sijajua shida iko wapi. Ni i5 ya kizazi cha 3, RAM 8, SSD 256, na kilichonivuta ni kuwa ina grafiksi mbili, ile ya Intel HD 4000 na chipu nyingine ya pembeni yenye memori yake, nikaambiwa hii ndo lapi ya kuediti. Nimetoa 22,000. Pale dukani ilicheza video, ikafungua picha, kila kitu safi.

Nimefika nyumbani nikaiunganisha waifai nikaiacha usiku ijiapdeti. Asubuhi nafungua programu ya kuediti, kidogo tu skrini inazima, inarudi, inazima tena, alafu inakuja ile buluu yenye uso wa huzuni imeandikwa VIDEO_TDR_FAILURE. Nikiwasha upya iko sawa, naandika barua za watu, naangalia YouTube, hamna neno. Nikirudi kwenye video ni yale yale. Na kuna wakati haizimi ila mle ndani ya dirisha la programu kunajaa vijimraba vya kijani na zambarau, lakini cha ajabu ile baa ya chini yenye saa na betri iko safi, haina hata doa. Fundi wa simu hapa Langoni kaniambia ni skrini nibadilishe. Skrini gani hiyo inayoharibika katikati ikaacha chini?

Nishachukua adivansi ya harusi ya watu, naombeni msaada.

kaskazi_ikivuma
Hiyo virusi hiyo. Piga Windows upya, mashine za mtumba zinakuja na Windows za kukopi zimejaa takataka.

muyeye_boy
Kabla ya Windows kapime RAM kaka. Grafiksi ya Intel haina memori yake, inakula RAM ya mashine, kwa hiyo RAM ikiwa mbovu unaweza kuona madoa ukadhani ni chipu ya picha. Weka Memtest86 kwenye flashi uiwashe nayo uiache izunguke. Na ukifungua mashine hiyo RAM itoe, sugua yale meno yake ya shaba na raba ya penseli taratibu, huku pwani hewa ya chumvi inaweka ukungu pale.

mwana_wa_mkunguni
Memtest nimeiacha kuanzia isha mpaka asubuhi, haina kosa hata moja. Windows sijapiga bado.

fundi_barani
Usipige Windows kwanza. Nijibu maswali haya:

Hiyo shida ilianza kabla hujaingia intaneti au baada? Ukiingia baiosi (ile sehemu ya setingi za mashine kabla Windows haijafunguka) picha iko safi? Ukiiunganisha na TV kwa HDMI inakuwaje, na kwa VGA inakuwaje? Na ukifungua divaisi meneja (orodha ya Windows ya vifaa vya mashine) pale kwenye display unaona majina mangapi?

Na huyo wa Langoni mwambie asiuze skrini. Wewe mwenyewe umeshamjibu vizuri: skrini ikiharibika au ile kebo yake ikikatika, uchafu unapita juu ya kila kitu, saa, betri, mpaka ile logo ya kuwasha. Haichagui dirisha.

mwana_wa_mkunguni
Baada ya intaneti. Kabla ya pale haikunisumbua.
Baiosi safi.
VGA kwa TV ya jirani iko safi. HDMI inaonyesha, lakini nikiiacha kidogo inakatika na lapi yote inaganda.
Divaisi meneja kuna majina mawili, Intel iko sawa, ya pili ina alama ya njano, nikiigusa inasema Code 43.

fundi_barani
Basi nishaiona. Kaa nikueleze kwa kirefu maana naona wengi humu wanapigwa kwa njia hii hii.

Lapi za aina yako zenye grafiksi mbili, tangu kama 2010 nyingi zinafanya hivi: skrini yako imeshikwa na Intel muda wote. Ile chipu ya pembeni haina waya wa kwenda kwenye skrini kabisa. Ukifungua kazi nzito, gemu au programu ya video, yenyewe inachora picha alafu inampa Intel, Intel ndo anaipeleka skrini. Ndo maana uchafu wako uko ndani ya dirisha lile tu, ile baa ya chini imechorwa na mwingine. Mtu akikuonyesha lapi ya grafiksi mbili ina madoa ndani ya gemu na nje yake safi, usimtafute mchawi mbali. Tena HDMI kwenye mashine nyingi za hivyo imeungwa kwenye ile chipu ya pembeni, VGA imebaki kwa Intel, na wewe umeona tofauti mwenyewe kwa TV ya jirani.

Hiyo TDR kwenye skrini ya buluu maana yake ni hii, Windows inaituma chipu kazi, inaisubiri sekunde 2, isipojibu inajaribu kuiamsha kwa kuizima na kuiwasha, ndo pale unaona skrini inakwenda giza na kurudi. Ikigoma kuamka, buluu. Na Code 43 ni Windows imechoka, inasema hiki kifaa chenyewe kimeniambia kina shida nimekisimamisha. Code 43 peke yake siwezi kuapa, draiva mbovu (ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kukiendesha kifaa) nayo inaileta. Kwa hiyo fanya moja zaidi: weka Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, kwenye flashi, washa nayo bila kuinstoli, fungua kitu kizito kwa ile chipu. Ikiganda na huko, Windows yako haina kosa.

Sasa kwa nini dukani ilikuwa sawa. Chipu ya pembeni bila draiva haifanyi kazi, imelala, kila kitu kinabebwa na Intel. Mwenye duka akipiga Windows akaacha draiva ya ile ya pili, au akaizima mwenyewe, wewe utaangalia video zako pale utafurahi utalipa. Ukifika nyumbani Windows inajiapdeti usiku, inaivuta draiva yenyewe bila kukuuliza, chipu inaamshwa, na ugonjwa wake unaamka nao. Sisemi huyo wako alikusudia. Wengine hawajui kweli, wanapiga Windows mashine nyingi kwa mpigo wakiona inawaka wanapanga mezani.

muyeye_boy
Fundi hii ya draiva umenifungua macho wallahi. Mimi niko karibu na maduka, nikipita kesho ntachungulia.

bloa_na_lehemu
Fundi umesema kweli lakini mbona unamkatisha tamaa. Hiyo chipu ni lehemu tu imeachia, mlete mtu mwenye bloa ya hewa moto, fluksi kidogo, ichomwe dakika kadhaa inarudi. Mimi nimechoma nyingi sana zikapona na wenyewe wakaondoka wanacheka.

fundi_barani
Wanacheka wakiondoka, wakirudi je?

bloa_na_lehemu
Wengine hawarudi.

fundi_barani
Hawarudi kwako. Wanakuja kwangu.

Sikiza ndugu yangu, sikudharau, na mimi nina bloa. Chini ya ile chipu kuna tabaka mbili za vimpira vya lehemu. Vikubwa ni vile vinavyoishikanisha na madabodi. Alafu kuna vidogo mno, huwezi kuviona, viko ndani ya chipu yenyewe kati ya kile kioo cheusi cha silikoni na kile kibao chake cha kijani. Mashine inapata moto inapoa, inapata moto inapoa, silikoni inatanuka kidogo na kibao kinatanuka zaidi, kila siku vinavutana, mwisho vile vidogo vinapasuka. Ukipiga moto juu yake, kinachotokea mara nyingi ni ufa unajibana tena ukagusana, mteja anaondoka. Lehemu ya siku hizi isiyo na risasi inataka karibu digrii 217 iyeyuke, ile ya zamani yenye risasi 183, na wengi wanaochoma kwa macho bila hata kipimo hawajui wamefika ngapi. Ni kumpa panado mtu mwenye jino lililooza. Hata ile ya kuing'oa chipu na kuipanga vimpira vipya chini, ile wanaita riboli, ikiwa ufa uko ndani haisaidii kitu, umelipa kazi kubwa kurudisha chipu ile ile mbovu.

Na hili si la kubuni, limeandikwa. Julai 2008 NVIDIA wenyewe walitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zao za laptopu zilizokuwa zinakufa kwa sababu ya material dhaifu ndani ya chipu. Mwaka huo huo Oktoba Apple wakakubali kuwa MacBook Pro zenye chipu ya NVIDIA 8600M GT zimo. Lapi za kampuni nyingine nazo ziliguswa. Watu wakaziweka kwenye oveni za jikoni, video ziko mpaka leo, na zilikuwa zinawaka kweli! Kwa muda.

Dawa ya kweli ya chipu iliyokufa ni chipu mpya, si ya kung'oa kwa madabodi nyingine iliyokufa, na mashine sahihi ya kuiweka, na mtu anayejua. Kwa lapi ya 22,000 hesabu haikubali.

bloa_na_lehemu
Haya nimekuelewa kwa zile za ndani. Lakini lapi iliyoanguka, kona ya chipu ikaachia vile vikubwa, hapo moto unatibu na unadumu. Hilo nalo useme.

fundi_barani
Hilo nakubali. Ya kuanguka ni kesi nyingine.

mtoto_wa_casuarina
Samahani naingilia uzi. Kuna Mtaliano hapa Malindi anarudi kwao anauza MacBook Pro inchi 15 ya 2011, bei ya kutupa, inawaka vizuri. Ninunue?

fundi_barani
Ya 2011 inchi 15 na 17 zina chipu za picha za Radeon za AMD (6490M, 6750M, 6770M) na hizo ndo maarufu kuliko zote kwa kufa grafiksi. Apple walifungua mpango wa kuzitengeneza bure Februari 2015 ukaisha mwisho wa 2016. Leo hakuna wa kukutengenezea bure. Tena hizo ni mbaya kuliko ya huyu ndugu wa Amu kwa sababu ile Radeon inaweza kushika skrini yenyewe, ikifa unaweza kupata skrini nyeupe au ya mistari hata kabla mfumo haujafunguka. Watu wanaizima kwa kubadilisha amri fulani kwenye NVRAM (kimemori kinachoshika setingi za kuwashia) ibaki Intel HD 3000 peke yake, inafanya kazi, lakini ukiriseti NVRAM inarudi kulekule uanze tena. Mwambie Mtaliano Mungu amfikishe salama. Kama anayo ya inchi 13 ya mwaka huo, ile ina Intel tu, hiyo haina ugonjwa huu.

mtoto_wa_casuarina
😂😂 Shukran. Ntamuuliza baiskeli.

mwana_wa_mkunguni
Fundi nimefanya Ubuntu. Imeganda vile vile, vijimraba vile vile. Basi ni chuma chenyewe, si Windows. Sasa nifanyeje, naweza kuiokoa au niirudishe? Nimempigia mwenye duka anasema ilitoka kwake ikifanya kazi, ati huko Lamu hewa ya chumvi ndo imeiua. Chumvi gani ya usiku mmoja?

bintishela
Kaka usigombane naye kwa simu, kusanya ushahidi kwanza. Nenda kwenye historia ya apdeti za Windows, kuna sehemu ya draiva, inaonyesha tarehe draiva ya grafiksi ilipoinstoliwa. Ipige picha pamoja na risiti yako na ujumbe wa M-Pesa. Tarehe hizo zikifuatana, hoja ya chumvi imekwisha yenyewe. Alafu fungua dirisha la Code 43 uchukue video ukiwa unaongea, useme leo ni tarehe fulani.

Na ujue una haki, si hisani. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinasema mnunuzi ana haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na ya kupewa habari zinazohitajika kuhusu bidhaa, na fidia akipata hasara. Kuna na sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012. Yale maandishi ya "bidhaa ikishatoka hairudi" kwenye risiti yasikutishe. Ikishindikana kabisa kuna mahakama ya madai madogo, inachukua madai yasiyozidi milioni moja na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60, wakili si lazima. Lakini huko ni mwisho, kwa 22,000 mtu mwenye akili anaelewana.

kaskazi_ikivuma
Dada wewe ni wakili?

bintishela
Mimi nauza mabuibui. Nilishauziwa friji.

muyeye_boy
Mwana wa Mkunguni nimepita leo kwenye maduka, duka lako silijui na sikuuliza, lakini kwa duka moja nimeomba kuangalia tatu za i5 zenye grafiksi mbili. Zote tatu divaisi meneja imeandika "3D Video Controller" na alama ya njano, yaani draiva haijawekwa kabisa. Nikamwambia muuzaji niwekee draiva niione ikiwa na Furmark (programu ya kuifanyisha chipu ya picha kazi nzito), akasema bando imeisha. Nikamwambia ntawasha hotspot yangu. Akasema mwenye duka hayuko 😂

fundi_barani
Umeona. Bila draiva hujui kama ni nzima au mfu. Anayenunua ya grafiksi mbili aweke draiva pale pale, awashe FurMark robo saa na HWiNFO pembeni aone joto, akae. Ikifika tisini na ushee na bado inapanda, hata kama haijaganda, acha. Na kama huediti wala huchezi gemu, kwa nini unalipia chipu ya pili? Chukua ya Intel tupu, ina joto kidogo na kitu kimoja pungufu cha kufa. Watu wa pwani hasa. Hapa kivulini tu ni digrii thelathini, feni inavuta hiyo hiyo ya moto, na ndani ukifungua hitisinki, kile chuma cha kupozea, imezibwa na nyuzi za nguo na mchanga mpaka hewa haipiti. Pesti ya kwenye chipu imekauka imekuwa chaki. Alafu mtu anaiweka juu ya godoro.

Sasa ndugu yetu wa Amu. Una njia mbili, na mimi kama ni yangu naifuata ya pili.

Ya kwanza, irudishe upewe pesa yako. Halali yako.

Ya pili, kama huko kwengine mashine ni nzima, betri nzuri, kibodi nzuri, basi izime ile chipu ubaki na Intel, na mwenye duka akurudishie tofauti ya bei, maana ya Intel tupu haiuzwi 22,000. Kuizima: ingia baiosi tafuta sehemu ya display au grafiksi. Nyingine zinakupa kuchagua, ThinkPad T420 na T430 zenye grafiksi mbili kwa mfano unachagua Integrated na chipu inakufa kabisa haili hata umeme. Kama baiosi yako haina, zima kwenye divaisi meneja, bonyeza kulia, disable. USIFUTE draiva tu, ukifuta Windows itairudisha. Hii ya divaisi meneja ina kasoro, chipu kwa mashine nyingine inabaki na umeme inapasha joto bure, na apdeti kubwa ya Windows inaweza kuifungua tena, kwa hiyo uwe unaangalia. HDMI yako pengine itakufa nayo, utatumia VGA.

mwana_wa_mkunguni
Na kazi yangu ya video itakwenda na Intel HD 4000? Hapo ndo roho inasita.

fundi_barani
DaVinci Resolve sahau. Kdenlive au Shotcut zinakwenda, fanya proksi, yaani programu inakutengenezea nakala nyepesi unaediti hiyo, mwisho inarudi kwenye video halisi. Export ya H.264 (njia moja ya kubana video) Intel anaiweza kwa Quick Sync, kile kipande chake cha kazi ya video, kwa kazi hiyo si mbaya hata kidogo. Kitakachokuua ni H.265. HD 4000 haiijui, prosesa itabeba yote na utaona inakwama kila saa. Kama unachukua kwa simu ingia kwenye setingi za kamera uchague H.264, faili litakuwa kubwa lakini utafanya kazi.

mwana_wa_mkunguni
Kumbe! Simu yangu ilikuwa kwa H.265. Nimebadilisha.

Haya wakuu nawapa habari. Baiosi ilikuwa nayo hiyo sehemu, nimeweka Integrated, tangu hapo haijaganda, na feni imetulia, zamani ilikuwa inavuma kama boti ya Mokowe. HDMI imekufa kweli. VGA iko.

Mwenye duka nimemtumia zile picha za tarehe kama alivyosema dada bintishela, draiva imeingia usiku ule ule niliofika. Mwanzo alinyamaza. Alafu akapiga yeye, sauti ya chini, ati mzigo ule alichukua Mombasa na yeye hakufungua moja moja. Tumekubaliana anirudishie 6,000 na lapi nibaki nayo, 4,000 imeshaingia M-Pesa, 2,000 anasema mwisho wa mwezi. Nimemwandikia WhatsApp tulivyokubaliana na amejibu "sawa", nimeipiga picha.

bintishela
Vizuri. Hiyo 2,000 mkumbushe tarehe 28, usingoje 31.

mtoto_wa_casuarina
Mtaliano ana baiskeli wallahi. Gia zake zote zinafanya kazi, nimezijaribu mpaka Mambrui.

bloa_na_lehemu
Mwana wa Mkunguni ukichoka na hiyo lapi, madabodi niuzie mimi.